UZI: Wayahudi wa Mbale, Uganda: vijana walivyoichukua jumuiya iliyokuwa inakufa, na kahawa waliyoiuza pamoja na Waislamu na Wakristo

MzaniWaKahawa (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa huku Kilimanjaro. Mkutano mkuu wetu uliopita ulivunjika. Waliosimama kusema walikuwa wazee watupu, wengine wameshika nafasi zao tangu niko darasa la tano. Ilipofika hoja ya nani awe karani wa mzani, maneno yakageuka: hawa wa msikitini, wale wa usharikani. Nimezaliwa kijiji hiki na sikuwahi kusikia mzani ukiulizwa dini. Usiku ule sikulala.

Ndipo nikaikumbuka Mbale. Nilifika huko miaka michache iliyopita kwa safari ya wakulima, chini ya Mlima Elgon, kahawa yao ni arabika kama yetu. Jioni ya Ijumaa mwenyeji wetu akatupeleka kilima cha Nabugoye, kwenye sinagogi. Watu walikuwa wanapanda kilima na nguo zao safi, wanaume na watoto wamevaa vikofia vya kufuma vya rangi rangi. Kiebrania sikukielewa hata neno moja. Lakini walipoanza kuimba, kwa gitaa na ngoma, sauti ya kwanza na ya pili zikijibizana, nilijikuta nagonga mguu kama niko kwenye kwaya ya nyumbani. Mtoto wa miaka kama minane alikuwa amekaa mbele yangu akiimba bila kitabu, tena kwa macho yaliyofumba. Yule mtoto ndiye aliyenifanya nianze kuuliza maswali.

Hawa wanaitwa Abayudaya, kwa Kiganda watu wa Yuda. Hawakuhamia kutoka popote. Mwanzilishi wao ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiweka Uganda ya mashariki mikononi mwao, kisha wakampunguzia madaraka aliyoyatarajia. Akawaacha, akajiunga na Bamalaki, madhehebu yaliyokataa dawa za hospitali, huku akiendelea kusoma Biblia mwenyewe. Akazama kwenye vitabu vya Musa. Mwaka 1919 akatahiriwa pamoja na wanawe. Simulizi ya jamii yenyewe inasema aliambiwa tohara ni ya Wayahudi, naye akajibu: basi sisi ni Wayahudi. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha kurasa 90 cha sala na maagizo kwa watu wake. Miaka ile ile ya mwanzo alipita Myahudi mgeni aitwaye Yusufu, akakaa nao miezi kadhaa, akawafundisha kalenda, sikukuu na namna ya kuchinja.

Kakungulu akafariki 1928. Hapo ndipo tatizo la uongozi lilipoanza, maana kila kitu kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Watu wakagawanyika, wengine wakarudi ukristoni. Waliobaki wakajikongoja miaka arobaini na ushee, ndipo akaja Idi Amin. Akapiga marufuku dini yao. Sinagogi zikafungwa, watu wakawa wanasali kwa kujificha. Jamii iliyokuwa na watu kama 3,000 ikabaki na kama 300.

Sasa wakuu, hapa ndipo nataka mpasome polepole. Waliowainua hao 300 walikuwa vijana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kundi la vijana, wakiwemo Gershom Sizomu na Joab Jonadab Keki (wengi wanamwita JJ), walihamia kilima cha Nabugoye wakaishi pamoja kwa mtindo wa kibutzi: kulima pamoja, kula pamoja, kusali pamoja. Wakaipigania ardhi ya kilima kile. Wakachukua sala za Kiebrania wakazitungia tuni za kwao. Mwaka 2003 Smithsonian Folkways ya Marekani ikatoa albamu ya nyimbo hizo, na ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Hakuna aliyewapeleka kwenye semina ya uongozi. Walikuta ardhi inataka kulindwa, sala zinataka sauti, na wazee wamechoka. Wakabeba.

Habari ya kahawa naileta kwenye posti inayofuata, ngoja nimalize kuwanywesha mbuzi.

---

Kijana_wa_Eldoret

Mkuu uzi mzuri, lakini hao si wale Wayahudi ambao Waingereza walitaka kuwaleta Uganda? Tulifundishwa historia ya kidato cha pili.

---

MzaniWaKahawa

Hapana kaka, hayo ni mambo mawili tofauti, na wewe wa Eldoret ndiyo ulipaswa kuulizwa! Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwapa viongozi wa Kizayuni wazo la kuhamishia Wayahudi wa Ulaya Afrika Mashariki. Kwa Kiingereza mpango ukaitwa wa Uganda, ila ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, hapo hapo kwenu. Wakatuma watu kuipima, na mwaka 1905 mkutano wao mkuu ukakataa. Kakungulu alianza 1919, kwa njia yake, na watu wake ni Waafrika wa hapo hapo.

Haya, kahawa.

JJ Keki alikuwa New York asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001. Alikwenda kuyatazama majengo ya World Trade Center kama mtalii, akayaona yakishambuliwa. Ameeleza mara nyingi kwamba alirudi Uganda akiwa na swali moja tu: dini ikiweza kufanya vile, sisi kijijini tufanye nini? Mwaka 2004 akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Waislamu na Wakristo. Akawaambia wote tunalima kahawa, wote tunalaliwa bei na walanguzi, tuuze pamoja. Wakaunda ushirika, wakauita Mirembe Kawomera, amani tamu.

Mnunuzi wao alikuwa Thanksgiving Coffee Company ya California, waliokubali kununua kwa bei ya biashara ya haki. Walianza wakulima wa mamia, wakapita elfu. Viti vya uongozi viligawanywa ili dini zote tatu zikae mezani. Mwaka 2013 Folkways wakatoa albamu nyingine, safari hii ya nyimbo za wakulima wa ushirika wenyewe, Waislamu, Wakristo na Wayahudi wakiimba kuhusu kahawa na amani.

Mtu aliyewahi kukaa kwenye ushirika anajua ninachokisema hapa. Ukiuza mzigo mmoja na mtu, uzembe wako unamfikia yeye mfukoni. Mmoja akichuma kahawa mbichi ikachanganyika na mbivu, gunia lote linashuka daraja. Akianika chini badala ya kwenye kichanja, harufu ya udongo inaingia kwenye kahawa ya wote. Kwa hiyo Mwislamu ana sababu ya kwenda kuangalia kichanja cha Myahudi, na Myahudi ana sababu ya kumwuliza Mkristo kwa nini kachuma mapema. Wanakwenda majumbani kwa wenzao. Wanajua mtoto wa nani anaumwa. Na kijana anayetumwa kukagua vichanja thelathini kwa wiki, kusuluhisha ugomvi wa debe moja, kisha kusimama mbele ya watu wa dini tatu kueleza malipo, huyo anapata shule ambayo mimi sikuipata.

---

BintiWaKisauni

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni wa Mombasa, lakini nilisoma Mbale, Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kile kilichofunguliwa 1988. Watu wengi hawajui kwamba chuo kikuu kikubwa cha Waislamu na sinagogi kuu la Abayudaya viko mji mmoja.

Tulipokuwa mwaka wa pili, mwenzangu wa bweni alitokea kijiji cha jirani na Nabugoye. Msichana Mwislamu, hijabu yake kamili, na sekondari alisoma Semei Kakungulu, shule ya Wayahudi. Pale wanasoma watoto wa dini zote. Nikamwuliza, hukuona shida? Akashangaa swali. Alisema shida yake kubwa ilikuwa hesabu.

Nimehudhuria makongamano ya maelewano baina ya dini, Nairobi na Mombasa. Hoteli nzuri, sheikh upande huu, askofu upande ule, picha ya pamoja, posho, kwaheri. Tukirudi mtaani hakuna aliyebadilika. Mwenzangu yule hakuwahi kuhudhuria kongamano hata moja, na alikuwa anajua siku gani rafiki zake hawawashi moto, kwa hiyo siku hiyo hakuwaomba chai. Kwetu sisi Waislamu jambo hili lina msingi wake: Surat al-Maida aya ya 5 imeruhusu chakula cha waliopewa Kitabu. Kula pamoja si jipya. Ni sisi tulioliacha.

---

HesabuKwanza

Mimi ni mhasibu, niruhusuni niwe mgumu kidogo. Ondoa pesa za Marekani hapo, kinabaki nini? Mnunuzi Mmarekani, albamu Mmarekani, rabi kasomeshwa Marekani. Tusije tukaita uongozi kitu ambacho ni ufadhili.

---

MzaniWaKahawa

Mkuu, hoja yako ni ya haki na sitaikwepa.

Pesa ilikuja, tena nyingi kwa kipimo cha kijiji. Gershom Sizomu alikwenda Los Angeles, chuo cha marabi cha Ziegler, akafuzu 2008. Kituo cha afya cha Tobin pale Mbale, kilichofunguliwa 2010, kimejengwa kwa michango ya nje. Na kutegemea mnunuzi mmoja wa ng'ambo ni hatari, sisi tulio na KNCU, chama chetu kikuu cha ushirika wa kahawa, tangu 1933 tunajua mnunuzi akikohoa nani anaugua.

Lakini tazama mpangilio wa miaka. Vijana walihamia Nabugoye mwishoni mwa miaka ya 1980. Marabi wa Marekani waliokuja kuwaongoa rasmi watu mia kadhaa walifika 2002. Katikati hapo kuna zaidi ya miaka kumi ya jembe na nyimbo. Wafadhili walikuta viongozi wapo tayari.

La pili, Sizomu alirudi. Wangapi tumewachangia nauli wakaenda na hawakurudi? Yeye alirudi, akaanza kufundisha wengine, na kazi za afya alizozisimamia hazikuuliza dini: vyandarua vya malaria viligawiwa kwa Waislamu na Wakristo sawasawa na Wayahudi, na kituo kinatibu kila mtu. Ukilinda nyumba yako peke yake mbu atatoka kwa jirani.

Na la tatu ndilo linalonishangaza kuliko yote. Februari 2016 Sizomu aligombea ubunge wa Bungokho Kaskazini kwa tiketi ya FDC, chama cha upinzani, akashinda. Wayahudi Uganda nzima ni kama 2,000 hivi. Kwa hiyo waliompa kura ni Waislamu na Wakristo. Kabla yake JJ Keki naye alishachaguliwa serikali za mitaa kwa kura za majirani hao hao. Hakuna mfadhili anayeweza kukununulia kura ya jirani anayekujua tangu utoto.

---

HesabuKwanza

Hapo kwenye ubunge nimekuelewa. Kwenye mnunuzi mmoja bado nabaki na wasiwasi wangu.

---

MzeeWaTabora

Wanangu, mimi si mwandishi mzuri, mjukuu ananisaidia kuchapa.

Nilikuwa JWTZ. Tuliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Nilikuwa na miaka 22. Tulikuwa tumetembea tangu Kagera, buti zangu zilikuwa zimepasuka kisiginoni nikazifunga kwa waya wa simu. Watu walitoka majumbani wakiimba. Mama mmoja alinipa gonja la kuchoma, la moto, akanishika mikono yote miwili akawa hataki kuiachia. Sikuelewa alichokuwa anasema. Nimeisoma posti ya kwanza ya huyu kijana, hao watu 300 waliokuwa wanasali kwa kujificha. Sikuwahi kujua kwamba walikuwepo. Tulijua tunamwondoa nduli. Nilitaka kuuliza tu, hao Wayahudi walipata habari siku gani?

---

MzaniWaKahawa

Shikamoo mzee wangu.

Mzee, wao wenyewe wanaisimulia hivi. Jioni ya tarehe 11 Aprili 1979, siku mliyoingia Kampala, ndiyo jioni iliyoanza Pasaka ya Wayahudi mwaka ule. Pasaka yao ni sikukuu ya kutoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya siku ya kuanguka kwa Amin na usiku wa kutoka utumwani ni tarehe moja, na wanaitaja mpaka leo.

Nilipoambiwa jambo hilo pale Nabugoye, mwenyeji wetu aliuliza tumetoka nchi gani. Tukasema Tanzania. Mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi akasimama kwa fimbo yake, akaja kutushika mikono mmoja mmoja, wote tisa. Mimi nilizaliwa baada ya vita, sikustahili mkono ule. Ulikuwa wako, mzee.

---

MzeeWaTabora

Marahaba mwanangu. Asante. Ngoja nikae kidogo.

---

BintiWaKisauni

Nimelia hapa kazini. Shikamoo babu.

---

MamaSikudhani_Bukoba

Shikamoo mzee. Sisi wa Kagera hatujasahau.

Mwanzisha uzi, umesifia sana lakini naona majina ya wanaume tu. Wanawake wako wapi? Na je, wao kwa wao hawagombani?

---

MzaniWaKahawa

Dada, umenishika pabaya, asante.

Wanawake wapo kwenye ushirika kama wanachama na kwenye zile nyimbo za 2013 sauti zao zinasikika sana. Na kwenye dini, Shoshana Nambi, binti wa jamii hiyo, alijiunga na Hebrew Union College kusomea urabi. Fikiria hapo: bibi zake walikuwa wanaficha vitabu. Lakini sitasema mambo yamekaa sawa. Kwenye safari yetu walioongea na wageni walikuwa wanaume, na mimi wakati ule sikuliona hilo.

Kuhusu kugombana, wamegawanyika. Uongofu wa 2002 ulifanywa na marabi wa upande wa Conservative. Jamii ya kijiji cha Putti ikataka njia ya Othodoksi, yenye masharti makali zaidi, ikajitenga. Wote wajukuu wa Kakungulu, wote kahawa moja. Niliondoka nikiwa nimeamini kwamba kukaa na jirani wa dini nyingine wanaweza vizuri kuliko kukaa na ndugu wa dini hiyo hiyo. Na nadhani hata sisi walokole na walutheri tunajua. Israeli nako kuna mvutano: Wakala wa Kiyahudi uliwatambua 2016, lakini wizara ya mambo ya ndani ya nchi ile imekuwa ikiwakatalia haki ya kuhamia. Wengi niliozungumza nao hawakuwa na haja ya kuhama, waliumizwa na kuambiwa si Wayahudi.

---

Ustadh_Mdogo

Swali langu ni fupi. Vita vya Gaza vimewafanyaje? Huku kwetu WhatsApp ya mtaa imechafuka kabisa.

---

MzaniWaKahawa

Ustadh, sijarudi Mbale tangu ile safari, kwa hiyo sitakusemea mambo ya kule. Kwa upande wangu nasema hivi: damu ya watoto inauma popote inapomwagika, na mkulima wa Elgon hakutuma ndege wala roketi. Amin ndiye aliyewaadhibu watu wale kwa ugomvi wake na Israeli, baada ya kuwafukuza Waisraeli 1972. Tusirudie kosa lake kwenye simu zetu.

---

Ustadh_Mdogo

Nimekuelewa. JazakAllah.

---

Upendo_Marangu

Kaka katibu, mimi nakujua ila sitakutaja jina. Nina miaka 24, baba yangu ni mwanachama wa chama chako. Uzi mzima umeongelea vijana wa Uganda kukabidhiwa mambo. Sisi tutakabidhiwa lini?

---

MzaniWaKahawa

Mdogo wangu, nilikuwa nakusubiri wewe au mwenzako.

Mkutano mkuu umehamishwa kutoka Jumamosi kwenda Jumanne, kwa sababu tuna Wasabato kumi na moja ambao kwa miaka yote tumekuwa tukipiga kura bila wao, na hakuna aliyewahi kulisema. Ajenda namba tatu ni karani wa mzani. Nimependekeza wawe wawili, wote chini ya miaka 30, mmoja akisoma na mwingine akiandika, na wasitoke nyumba moja ya ibada. Wazee watatu wamenipigia simu kunikataza. Mmoja amenipigia kuniambia niendelee.

Waliokubali kujaribu ni binti wa ustadhi wa pale juu na kijana wa mzee wa kanisa. Jana jioni nikawaita nyumbani niwaonyeshe mzani kabla ya msimu. Tukautundika kwenye mti wa mparachichi. Nikawaambia leteni gunia. Binti akasema subiri kwanza. Akasogea, akautazama ukiwa mtupu, akainama mpaka jicho likawa sawa na mshale. Akasema, katibu, huu hauanzi sifuri.

Nikaangalia. Ulikuwa umerudi nyuma ya sifuri, karibu nusu kilo. Kila mfuko uliopita pale ulipunjwa nusu kilo. Mzani ule nimeusoma mimi kwa misimu sita.

Tumeufungia stoo. Fundi wa vipimo anakuja Alhamisi, na leo tunakaa wote watatu na madaftari ya zamani tuhesabu ni mifuko mingapi. Njoo na wewe, saa kumi, tunahitaji mtu wa nne.